Ukungu Uliojifunza Kubisha Hodi

Mama Havijawa anasema haikuwa ndoto, wala si uchovu. Anasema ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, amesimama jikoni kwake anakanda unga wa chapati, mikono yote miwili imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Redio yake ndogo ilikuwa juu ya kabati, imefunguliwa, inakoroma tu. Haizimi redio hiyo. Tangu mumewe aende kuchimba kule kwenye mwezi wa Io ameapa haizimi mpaka mtu wake arudi nyumbani. Basi yuko hapo na unga wake, ndipo redio ikabisha.

"Ikabisha vipi?" watu wakamuuliza.

"Ikabisha hodi. Ngo. Halafu ikatulia, kama mtu anayesikiliza kama kuna nyayo ndani. Ngo tena. Ikatulia. Ngo ya tatu."

Anasema alidhani ni mlango. Akapaza sauti, "Karibu!", akatoka mpaka koridoni na unga wake mikononi. Korido nzima tupu, hata paka hayupo. Aliporudi ndani redio ilikuwa kimya kabisa, ule mkoromo wenyewe umekatika. Akaigusa. Ilikuwa ya moto, lakini si moto wa kuunguza. Ilikuwa na joto la paji la mtoto mwenye homa.

Haya yote aliyasimulia kesho yake kwenye foleni ya maji, Korido ya Tano, mahali ambapo watu wa mwezi wa Kalisto hupanga madumu yao kila asubuhi kungoja barafu iyeyuke na mabomba yafunguliwe. Na foleni ya maji haina huruma na mtu.

"Shoga, mumeo ana miezi minne hayupo," mmoja akasema. "Mwaka huu hata sufuria itakubishia hodi."

"Ungemkaribisha basi huyo mgeni, ukampa chapati!"

"Chapati za Mama Havijawa? Ndiyo maana amekimbia!"

Wakacheka mpaka madumu yakagongana. Mama Havijawa akawasonya, akageuza uso.

Mwajabu hakucheka. Alikuwa nyuma yake kwa watu wawili, ameshika dumu lake la lita kumi. Ni msichana wa miaka ishirini na minne, mkimya, ambaye watu humsahau mpaka aseme kitu. Mlango wake na wa Mama Havijawa inatazamana. Akasogea karibu.

"Mama Havijawa, kati ya hodi ya kwanza na ya pili, ilipita kama muda gani?"

"Sasa mwanangu, nani anahesabu hodi?"

"Nionyeshe tu. Gonga hapa."

Mama Havijawa alimtazama aone kama naye anamtania. Alipoona hamtanii, akafumba macho, akagonga mfuniko wa dumu kwa kifundo cha kidole. Ngo. Akakaa. Akakaa. Ngo. Akakaa kidogo tu. Ngo.

Mwajabu akaweka dumu lake chini.

Mwanya wa kwanza mrefu, wa pili mfupi. Hivyo ndivyo abishavyo mtu mwenye subira ambayo huwa inaisha ghafla mwishoni. Aliijua hodi hiyo, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe. Kwa miaka sita ameibisha kwa kidole chake cha shahada, kwenye kitufe kimoja cheusi, na hakuna siku hata moja aliyoibisha kwenye mlango wa jirani yake.

*

Chumba cha kusikilizia kipo juu kabisa ya makazi, chini ya kioo kinene. Ukiinua macho unaiona sayari ya Mshtarii imetundikwa palepale ilipokuwa jana na juzi, kubwa, ya rangi ya chai ya maziwa. Kile usichokiona ni ukungu. Mwezi wa Io hutapika moshi wa salfa bila kupumzika, umeme wa Mshtarii huurarua moshi huo vipandevipande, na vipande hivyo hujipanga kuwa pete kubwa inayoizunguka sayari. Wasomi huuita plazma. Wasikilizaji huuita ukungu, na ndani yake wameelea maboya arobaini yenye antena, yanayosikiliza saa zote.

Mwajabu ana darasa la saba tu. Kabla ya hapa alikuwa akikaanga maandazi katika kantini ya wahandisi. Bi Mwanaiba, msikilizaji wa zamani, ndiye aliyemwona siku moja amegeuka mgongo anaosha vyombo, halafu akasema bila kutazama, kwa kusikia mlio tu, "Mafuta hayo bado, toa maandazi." Bi Mwanaiba akaenda kuchungulia karai. Kweli, mafuta yalikuwa bado. Wiki iliyofuata Mwajabu alikuwa na hedifoni kichwani.

"Ni kilekile unachokijua," Bi Mwanaiba alimfundisha. "Antena ikikaa kwenye ukungu, chembe za umeme zinaipiga kama mvua inavyopiga bati. Ukungu ukiwa baridi, chembe zinakwenda taratibu, na unasikia filimbi moja nyembamba, safi. Ukipata joto, filimbi inanenepa. Ukizidi joto, inakwaruza kama mtu mwenye mafua. Ukichemka kabisa, hamna filimbi tena, ni mkoromo tu."

"Filimbi inakwenda wapi?"

"Inaliwa. Wimbi likipita kwenye ukungu wa moto, linakuta chembe nyingi zinazokwenda mwendo mmoja nalo. Zinalidandia na kulinyonya nguvu mpaka linakufa njiani. Kwenye ukungu wa baridi hakuna wa kulidandia. Linasafiri litakavyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Aliposema "filimbi imenenepa kidole kimoja," wahandisi walitazama skrini zao wakakuta joto limepanda kutoka digrii elfu kumi hadi elfu kumi na nne. Elfu kumi ndiyo waliyoiita baridi. Ukungu wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba joto lote hilo lisingechemsha hata birika.

Kulikuwa pia na majiko. Haya ni mitambo ishirini na minne iliyozungushwa kando ya pete, inayorusha mawimbi mazito ndani ya ukungu. Mawimbi hayo huupepeta. Zile chembe kali, zinazokwenda kasi na kupita katika miili ya watu kama sindano, hupeperushwa kama makapi na kutupwa kwenye mawingu ya Mshtarii. Kwa saa kadhaa njia huwa salama, na chombo hupita. Bila majiko hakuna ambaye angeweza kwenda Io na kurudi. Ila kila yanapowashwa, ukungu hupata moto, na filimbi karibu zote hufa kwa siku nyingi.

Kanuni ilisema kabla ya kuwasha majiko, msikilizaji atume pigo moja dogo la majaribio. Bi Mwanaiba hakuipenda.

"Utamwingiliaje mtu na moto bila hata hodi?" alisema. Ilikuwa mzaha, lakini alikuwa mtu wa Pangani kwa asili, na mizaha ya adabu kwake ilikuwa nusu mzaha tu. Pigo moja akalifanya matatu, yenye kungoja katikati, kama mtu mstaarabu mlangoni. Akamrithisha Mwajabu. Wahandisi waliona haina madhara. Wakaacha.

Mwajabu alipokaa kwenye kiti siku hiyo, akiwa bado na ile ngo ya dumu masikioni, ndipo kitu kimoja kilipomjia ambacho miaka sita hakijawahi kumjia. Mtu akibisha hodi mara tatu asiitikiwe, huondoka. Hiyo ndiyo adabu yenyewe, na Bi Mwanaiba aliijua, na yeye aliijua tangu anatambaa. Wao walibisha mara tatu, kisha wakawasha moto. Kila mara. Mara mia mbili na kumi na moja kwa kidole chake peke yake.

*

Saa sita na nusu mchana taarifa ikaingia. Mgodi wa Io ulikuwa umeporomoka. Chombo kiitwacho Mkomazi kilikuwa bado kimeegeshwa chini ya mwamba na watu thelathini na wanane ndani yake, ngao yake ina ufa, hewa yao ya kuhesabu mpaka watakaporuka na mitambo ya hewa kuwaka. Majeruhi wawili wanapumulia mitungi. Mmoja wao alikuwa Baba Havijawa.

"Wanaruka saa nane na dakika arobaini," alisema Mhandisi Lusekelo, mkuu wa zamu. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukunja mikono ya shati hata kama hakuna kazi ya mikono. "Nataka majiko yote ishirini na manne. Nipe joto la ukungu, Mwaja, nipe na neno lako, tuwashe."

Hiyo nayo ilikuwa kanuni: majiko hayawashwi mpaka msikilizaji wa zamu aseme "sawa", kwa sauti, ikaingia kwenye rekodi.

"Nipe nusu saa, Mhandisi."

"Nusu saa ya nini? Huwa unatumia dakika tano."

"Nataka kutoa chujio."

Chujio lilikuwa programu ya kusafisha sauti. Kila kilichofanana na kelele za mitambo yao wenyewe lilikitupa: mlio wa pampu, mwangwi wa majiko. Na pigo lolote lililokuja matatumatatu lilihesabiwa kuwa ni jaribio lao limewarudia. Likatupwa pia.

Mwajabu akalizima. Akafunga macho.

Boya la saba lilikuwa kwenye ukanda wa ndani wa pete, mahali pembamba palipo baridi kuliko pote, ambapo ukungu hukaa miezi bila kutikiswa. Filimbi yake ilikuwa nyembamba mithili ya uzi. Akaisikiliza kwa dakika kumi na moja. Lusekelo alikuwa akitembea nyuma yake, viatu vyake vinalia kwenye sakafu.

Ngo.

Uzi ulikatika kidogo tu, ukaunga tena. Mwajabu hakupumua. Muda mrefu. Ngo. Muda mfupi. Ngo.

Ilikuwa hodi yake, mpaka na ile haraka ya mwisho.

"Majiko yamewashwa lini mara ya mwisho?" aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Wiki sita zilizopita. Kwa nini?"

"Sikiliza."

Alimpa hedifoni. Wakangoja dakika saba. Alimwona Lusekelo akikunja uso, kisha akiukunjua, kisha akivua hedifoni na kuziweka mezani taratibu kana kwamba zina maji.

"Mwangwi," akasema.

"Mwangwi unakuja baada ya sauti. Wa wiki sita nimeusikia wapi?"

"Basi taka za mtambo."

"Mama Havijawa ameisikia kwenye redio yake ya jikoni."

"Mama Havijawa anasikia mengi."

"Mhandisi, nipe ruhusa ya kubonyeza."

Lusekelo alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na robo. Akampa.

Kutoka Kalisto hadi kwenye boya, mawimbi ya redio husafiri sekunde kama sita, na sita kurudi. Mwajabu akabonyeza mara moja. Akangoja kama angojavyo siku zote. Akabonyeza mara ya pili. Halafu akainua mkono wake wote akauweka juu ya kichwa, ili Lusekelo auone vizuri.

"Mbona hujamaliza?"

"Nyamaza, Mhandisi. Tafadhali."

Sekunde kumi na mbili. Katika spika likarudi pigo lao la kwanza. Likarudi la pili. Na pale, kwenye ule mwanya mfupi, kwenye nafasi ileile ambayo kidole chake kingebonyeza lau angeacha kidole chake kifuate mazoea, likaja la tatu.

Lusekelo alitazama mkono wa Mwajabu. Bado ulikuwa kichwani.

Kisha filimbi ya boya la saba ikaanza kunenepa. Ilianza taratibu, kidole kimoja, viwili, ikawa ngumi, ikakwaruza, ikapasuka ikawa mkoromo. Kwenye skrini namba zilikimbia: elfu kumi, elfu ishirini na mbili, elfu arobaini na tisa. Hakuna jiko hata moja lililokuwa limewaka. Ukungu ulikuwa umejipasha moto wenyewe, kuzunguka boya lile tu, duara la ukubwa wa uwanja wa mpira. Dakika mbili. Kisha ukapoa, na uzi ukarudi, mwembamba, ukitetemeka.

"Mungu wangu," Lusekelo alisema.

"Hodi tatu, halafu moto," Mwajabu alisema. "Ndivyo tulivyowafundisha. Wanadhani ndiyo salamu yetu."

"Wanadhani? Wao akina nani, Mwaja?"

"Sijui. Mimi nimesema nimesikia. Sikusema najua."

Lusekelo akaketi. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya kazi, ile anayoitumia na wakubwa. "Nisikilize. Kama kile kitu kinaweza kupasha moto boya, kinaweza kupasha moto chombo. Watu thelathini na wanane. Hizo unaziita salamu. Mimi nimeona kitisho. Na hata kama ni salamu, saa nane na arobaini majiko yanawaka."

"Yakiwaka yote ishirini na manne, ule ukanda wa baridi hautabaki. Hata kipande. Hujawahi kuwasha yote."

"Sijawahi kuwa na chombo chenye ufa."

"Chochote kilicho mle kinaishi kwenye baridi. Kwenye moto wimbi linaliwa, unajua wewe kuliko mimi. Tukiwasha mitambo minane au kumi wanasogea, wanajibana. Nadhani ndivyo walivyofanya miaka yote hii. Tukiwasha yote, hawana pa kwenda."

Alikunja mkono wa shati, akaukunjua. "Kuna njia nyingine?"

Mwajabu alikuwa ameshaifikiria, na aliichukia. "Mshtarii inapojizungusha, pete inayumba. Saa kumi na moja na dakika arobaini na tano itakuwa imeinamia upande wa pili. Njia itakuwa nyepesi, hata kwa ngao yenye ufa. Wakingoja kwa muda wa saa tatu chini ya mwamba, hatuhitaji jiko."

"Na hewa?"

"Hewa inatosha."

"Inatosha na nini juu yake?"

"Dakika ishirini."

"Kwa watu wazima wanaopumua vizuri," Lusekelo alisema. "Wale wa mitungi je?"

Hesabu ya mitungi ilikuwa kwenye skrini, mbele yao wote wawili. Mtungi wa majeruhi mwenzake ungetosha, ila wa Baba Havijawa ungeisha saa kumi na moja na nusu.

*

Mama Havijawa hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa bega, maana mikononi alikuwa na redio yake, ameikumbatia kama mtoto. Habari za mgodi zilikuwa zimeshafika koridoni. Hata wale waliomcheka asubuhi walikuwa wamemsindikiza mpaka kwenye ngazi, wakaishia hapo.

"Wameniambia wewe ndiye unayesema sawa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi sema."

Mwajabu alisimama. "Mama Havijawa, ile hodi uliyoisikia ni kweli. Nimeisikia na mimi. Mhandisi ameisikia."

Uso wa mama yule ukalegea kidogo, kama mtu aliyeshushiwa mzigo begani na kubakiwa na mwingine kichwani. "Nilijua mimi si mwehu."

"Kuna kitu kwenye ukungu. Au watu. Sijui niwaite nini. Tukiwasha majiko leo, nafikiri tutawaua."

"Unafikiri."

"Nafikiri, ndiyo. Na tusipowasha, inabidi Baba Havijawa na wenzake wangoje kwa muda wa saa tatu, na mtungi wake ni mfupi kwa robo saa. Wenzake wakimgawia, huenda akafika. Huenda."

Mama Havijawa akaiweka redio juu ya meza. Mwajabu akaigusa bila kutaka. Ilikuwa ya baridi.

"Mwajabu. Ulipougua homa ile, nani alikukanda maji?"

"Ni wewe."

"Nani alilala kwenye sakafu yako siku nne?"

"Ni wewe, mama."

"Sasa mimi nina mume mmoja. Sina wa akiba. Hicho cha kwenye ukungu nilikikaribisha kwangu, kwa mdomo wangu, nikiwa na unga mikononi, na sina ubaya nacho. Lakini hakijanioa. Utamrudisha au humrudishi?"

Lusekelo alikuwa amegeuka kuelekea kwenye kioo. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na nane.

Mwajabu alitamani mtu mwingine awe amekaa kwenye kiti kile. Alitamani awe Bi Mwanaiba, aliyekwishakufa. Aliangalia kitufe cheusi, kimechakaa katikati mahali ambapo vidole viwili tu, cha bibi yule na chake, vimekuwa vikikaa kwa miaka mingi. Mara mia mbili na kumi na moja. Na kila mara, baada ya pigo la tatu, alikuwa akivua hedifoni na kwenda kunywa chai, kwa kuwa filimbi zikishakufa hakuna cha kusikiliza. Hakuwahi kubaki asikie zinavyokufa. Alikuwa akidhani ni mtambo unazima kelele.

Katika spika boya la saba likabisha tena. Ngo. Mama Havijawa akashtuka, akajishika kifua. Ngo. Ngo. Wote watatu wakageuza macho kwenye namba za joto, wakingoja zipande. Hazikupanda. Filimbi ikabaki nyembamba vilevile. Kilichobisha kilikuwa kinangoja.

"Hakikuwasha," Lusekelo alisema kwa sauti ndogo.

"Mara hii hakikuwasha."

"Kwa nini?"

"Labda kwa sababu tulibisha mbili tukaacha. Labda kimechoka. Mhandisi, mimi najua kusikiliza tu."

"Sema sawa, mwanangu," Mama Havijawa alisema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mwajabu akaketi. Akavuta maikrofoni ya chombo, ile ambayo si ya msikilizaji, ile ambayo kikanuni haruhusiwi kuigusa. Lusekelo alinyoosha mkono kumzuia, kisha akauacha mkono hewani, kisha akaushusha.

"Unafanya nini?"

"Tunagawana hapa hewa ambayo si yetu," Mwajabu alisema. "Hatuipumui sisi."

Akabonyeza.

"Mkomazi, hapa ni Kalisto, chumba cha kusikilizia. Naomba Nahodha Ngonyani."

Sekunde kumi na mbili. Sauti ya mwanamke ikaja, nzito, yenye vumbi. "Ngonyani hapa. Mbona majiko bado, mpenzi? Watu wangu wameshajifunga mikanda."

"Nahodha, jina langu Mwajabu. Mimi ndiye ninayetakiwa kusema sawa, na bado sijasema. Nitakueleza kwa kifupi, utanisamehe, sina maneno ya wasomi." Akaeleza. Hodi tatu, na moto, na ile hodi ambayo hakuibisha yeye. Ukanda wa baridi, na kitakachotokea majiko yote yakiwaka. Hakuficha kwamba hana uhakika. Hakuficha mitungi, alitaja dakika za Baba Havijawa kama zilivyo, akiwa anamsikia mkewe anavyohema nyuma ya kiti chake.

"Mkiniambia niwashe, nawasha," alisema. "Nitasema sawa, na itakuwa kwenye rekodi kwa sauti yangu, hamtalaumiwa ninyi. Lakini naomba. Siamuru, Nahodha, naomba. Mngoje kwa muda wa saa tatu. Mgawane mitungi. Waulize wote, mmoja mmoja, na Baba Havijawa naye muulize kama anaweza kusema. Mwambie mkewe yuko hapa. Mwambie mkewe hataki angoje."

Aliachia kitufe.

Mama Havijawa alikuwa amemshika bega. Mwajabu hakujua ni tangu lini, wala kama mkono ule ulikuwa wa kumsukuma au wa kujishikilia. Lusekelo alihesabu kwa midomo bila sauti. Sita. Saba. Kumi na mbili zikafika, zikapita. Ishirini. Thelathini. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika thelathini na sita.

"Mkomazi, mmenipata?"

Kule upande wa pili mtu akabonyeza kitufe cha kusema, akakishikilia. Mwajabu akaongeza sauti ya spika mpaka mwisho, akainama karibu nayo, akawasikia, watu thelathini na wanane katika chumba kidogo, wakipumua.